Niliandika "iko mugonjwa tu"

Bandugu wasomi, kwenye ukurasa huu tumezoea kujadili bei ya mchele, barabara mbovu na kazi zisizopatikana. Leo ninaleta jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa kucheka, ao hatulisemi kabisa: mtu trans, je, ni mgonjwa wa akili? Ninauliza juu miye mwenyewe niliwahi kujibu "ndiyo", tena kwa nia nzuri, na jibu langu lilimuumiza mtu.

Tulikuwa L1 agronomie. Kundi letu la stage lilivuka mto asubuhi kwa mtumbwi, kutoka Kasuku kwenda upande wa Alunguli, kuhesabu mimea ya muhogo yenye mozaiki. Jioni msimamizi alitaka orodha ya kulala: wasichana chumba hiki, wavulana chumba kile. Mwenzetu mmoja, ambaye kwenye karatasi ya kuzaliwa aliandikwa msichana, alibaki amesimama nje na godoro lake kichwani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hatalala kwa wasichana, juu yeye si msichana na hajawahi kuwa. Kusema kweli tulikuwa tunajua. Tangu G1 alikuwa anavaa suruali na shati, anakata nywele sawa sisi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ile jioni ndiyo mara ya kwanza alilisema kwa mdomo. Akalala barazani.

Usiku kundi letu la WhatsApp liliwaka moto. Mmoja aliandika kwamba ni pepo. Mwingine kwamba anatafuta sifa. Wa tatu alisema apigwe kidogo, atarudi katika njia. Miye nilitaka kumtetea. Nikaandika: "Mumuache. Ule hana zambi, iko mugonjwa tu. Batu ba vile banapelekaka ku munganga wa kichwa." Walinipongeza wengi kuliko siku zote. Nikalala nikijiona mtu wa busara.

Kesho yake mtu alipiga picha maneno yangu, akayatuma kwa jamaa yake. Mama yake hakuwa na franka za kumpeleka Bukavu, kule SOSAME, hospitali ya Mabruda wa Charité ambayo huku Mashariki wengi tunaifikiria tukisikia "ugonjwa wa kichwa". Akampeleka pahali palipokuwa karibu, pasipodai malipo ya mbele: chumba cha maombi. Wiki tatu. Kufunga, kukesha, kuwekewa mikono. Alirudi amekonda, sesheni ya mitihani imepita, mwaka umepotea. Tulikutana njiani. Hakunitukana. Aliniambia tu: "Yaya, ulisema niko mugonjwa. Dawa iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile. Nimesoma kwa makini maandishi mawili, sawa vile tunavyosoma mémoire ya mtu mbele ya kumpa pointi: ukurasa wa OMS juu ya jambo hili, na hukumu moja ya Mahakama Kuu ya Nairobi. Kila moja lina nguvu yake na kasoro yake, na nitasema zote.

Tuelewane kwanza juu ya maneno

Mtu trans ni mtu ambaye jinsia anayoijua ndani yake hailingani na ile iliyoandikwa siku alipozaliwa. Si lazima awe amepasuliwa ao anatumia dawa yoyote. Tena hili si jambo moja na kupenda watu wa jinsia moja; wengi wanachanganya. Kupenda kunahusu nani unamtamani. Kuwa trans kunahusu wewe ni nani.

Nilipoanza kuandika nilishangaa kitu. Kwa Kiswahili nimeweza kuwasimulia habari yote hii bila shida: amesimama, akasema, akalala. Nilipojaribu kuiandika kwa Kifaransa nilikwama kwenye mstari wa kwanza, juu ilibidi nichague il ao elle. Shambani miaka miwili tulisema "anakuja", "amepanda", "amechoka", na kazi iliendelea. Ugomvi ulianza siku ya orodha. Sisemi kwamba bababu zetu hawakutofautisha mwanaume na mwanamke. Walitofautisha sana, uliza nyumbani nani anatwanga sombe. Ninasema tu kwamba tuliweza kuishi na mwenzetu mpaka pale karatasi ilipodai jibu.

Kitabu cha OMS

OMS ina kitabu kikubwa cha kupanga magonjwa, ambacho kwa Kifaransa tunakiita CIM. Ndicho kinafanya munganga wa Kindu na munganga wa Brussels wakiandika jina la ugonjwa waelewane. Toleo la kumi, CIM-10, lilipitishwa tarehe 17 Mei 1990, na siku hiyo ushoga ulitoka katika orodha ya magonjwa. Lakini watu trans walibaki ndani, katika sura ya tano, ambayo ni sura ya magonjwa ya akili, chini ya namba F64. Kwa hiyo sentensi yangu ya usiku ule haikutoka hewani. Kitabu kilikuwa upande wangu.

Kitabu chenyewe kilibadilika. Tarehe 25 Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha CIM-11, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Humo kuna jina jipya, kutolingana kwa jinsia, namba HA60 kwa watu wazima na vijana, HA61 kwa watoto. Kikubwa zaidi ni kwamba limeondolewa katika sura ya akili na kuwekwa katika sura mpya, ya hali zinazohusu afya ya kijinsia. Tena kitabu kinaonya: tabia ya mtu na mambo anayoyapendelea, hata yakienda kinyume na yale yanayotazamiwa kwa jinsia yake, peke yake hayatoshi kumpa mtu namba hiyo.

Kwa nini walihamisha? Hapa masomo yetu ya agronomie yananisaidia kuliko nilivyotazamia.

Mwanafunzi akifika shambani mara ya kwanza, kila jani lisilofanana na picha ya kitabu analiita gonjwa. Kikonyo chekundu: ugonjwa. Jani jembamba: ugonjwa. Mwalimu anamrudisha: ile ni aina tu ya muhogo, iko vile, na inazaa. Kisha anamfundisha kuuliza maswali matatu. Je, mmea unaumia, mizizi inapungua? Kama unaumia, sababu iko ndani ya mmea ao nje? Juu majani ya manjano yanaweza kutoka kwa virusi vinavyobebwa na nzi weupe, na yanaweza pia kutoka kwa udongo uliokosa azoti. Na la tatu: ukitibu kile unachodhani ni sababu, mmea unapona?

Swali la kwanza. Ndiyo, watu trans wengi wanaumia. Huzuni nzito, woga, hata mawazo ya kujiua. Hilo nisilifiche, na anayeumia hivyo anastahili munganga sawa mtu mwingine yeyote.

Swali la pili ndilo gumu. Mwaka 2016 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa utafiti uliofanywa Mexico, mji mkuu. Watu trans 250 walihojiwa. Watafiti walitaka kujua maumivu yao, na kushindwa kazi ao shule, vinatoka wapi. Kilichoeleza maumivu hayo zaidi kilikuwa kukataliwa na jamii na kutendewa ukatili, kuliko kule kutolingana kwenyewe. Utafiti huo ulikuwa moja ya kazi zilizotayarisha CIM-11. Kwa lugha ya shambani: manjano ya majani yalitoka kwa udongo zaidi kuliko kwa mbegu.

Swali la tatu. Kwa miaka mingi waganga wa Ulaya na Marekani walijaribu kumgeuza mtu trans akubaliane na karatasi yake. Hawakufanikiwa, na vyama vikubwa vya waganga wa akili vimeiacha njia hiyo kwa sababu inaumiza. Lakini mtu akiitwa kwa jina lake, akiachwa aishi, na kwa wale wanaohitaji wakipata matunzo ya mwili, wengi wanapata nafuu. Dawa ambayo "inatibu" kwa kumkubali mgonjwa jinsi alivyo inatuambia kitu juu ya huo "ugonjwa".

Wote munajua lengalenga. Katika shamba la mpunga ni jani baya, tunaling'oa. Kwenye sahani ni mboga. Jina "jani baya" halikufundishi kitu juu ya mmea. Linakufundisha juu ya mwenye shamba na anachotaka. Mfano wangu una mwisho wake, juu muhogo na lengalenga havisemi. Mtu anasema. Sisi ile jioni tulikuwa na nafasi ya kumuuliza, tukafungua WhatsApp.

"Hayo ni mambo ya Wazungu"

Najua wengine tayari wameandika hivyo chini ya andiko hili mbele ya kufika hapa. Nawaelewa. OMS ikibadilisha kitabu Geneva, kwa nini miye wa Kindu nibadilishe kichwa?

Ninajibu kwa habari ya kitabu kingine cha OMS hiyo hiyo. Mwaka 1953 ilichapisha kazi ya J. C. Carothers, munganga wa kikoloni aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Kitabu kilihusu "akili ya Mwafrika". Humo Carothers alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, 1954, aliandika kwa ajili ya serikali ya kikoloni ripoti juu ya Mau Mau, akieleza uasi wa watu walionyang'anywa ardhi kama shida ya saikolojia yao. Ardhi ilikuwa imechukuliwa. Lakini kwenye karatasi, aliyekuwa na kasoro ni kichwa cha Mkikuyu. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961 katika Les Damnés de la terre.

Kwa hiyo ndugu anayesema tusimeze kila kinachotoka Geneva ana haki. Lakini aende mpaka mwisho wa hoja yake. Ile F64 nayo ilitoka huko huko. Chama cha waganga wa akili wa Marekani kilimwingiza mtu trans katika kitabu chake cha magonjwa mwaka 1980, na mwaka 2013 kikabadilisha jina lakini kikamwacha ndani. Neno "mgonjwa wa akili" kwa mtu trans halikutoka kwa babu yangu wa Maniema. Nililichukua dukani kwa Wazungu, likiwa limechakaa, wakati wenyewe wanalitupa. Na sisi ambao wazazi wetu waliwahi kuandikwa wagonjwa kwa sababu walitofautiana na mwandishi, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza: nani ameandika, na anapata nini?

Hukumu ya Nairobi

Andiko la pili linanizuia nisijibu kwa haraka. Audrey Mbugua ni Mkenya. Alifanya mtihani wa mwisho wa sekondari mwaka 2001 akiwa na jina la kiume, na cheti kikaandikwa jinsia ya kiume. Baadaye akasoma chuo kikuu, akaishi kama mwanamke aliye. Lakini kila alipopeleka karatasi kutafuta kazi, karatasi ilisema mwanaume na mlangoni amesimama mwanamke. Wasomi wenzangu, munajua kutafuta kazi na diploma iliyo sawa kunavyochosha. Fikirieni na diploma inayokukana.

Aliishtaki kamati ya mitihani ya Kenya. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru apewe cheti kipya chenye jina lake na bila alama ya jinsia. Hoja ni nyepesi na nzuri: hakuna sheria inayolazimisha alama hiyo iwe kwenye cheti, na pointi za mtihani hazitolewi kwa kufuata jinsia. Jaji akaongeza neno juu ya heshima ya utu.

Sasa kasoro. Audrey hakuingia mahakamani mikono mitupu. Aliingia na karatasi za waganga zilizosema ana "tatizo la utambulisho wa jinsia", lile jina la zamani la sura ya akili. Jina hilo la ugonjwa lilimfungulia hospitali, na lilimsaidia jaji aone kwamba hatafuti mchezo. Lilikuwa ufunguo. Nikisema leo kwa furaha "si ugonjwa, futeni", nimevunja ufunguo mkononi mwa mtu aliye bado mlangoni.

Lakini angalieni bei ya ufunguo huo. Mtu asiye na franka za kumlipa munganga, heshima yake inaanza lini? Hukumu inategemea mambo mawili kwa pamoja, utu na karatasi ya munganga, na haisemi wazi lipi linabeba nyumba. Nionavyo miye, hoja ya cheti ilitosha yenyewe. Kama pointi hazina jinsia, hazina jinsia kwa mgonjwa na kwa mzima.

Mfano wa Uganda unatisha zaidi. Mwanzoni mwa 2014 Rais Museveni aliwauliza wataalamu wa nchi yake juu ya ushoga, si juu ya watu trans, lakini swali ni ndugu: ni ugonjwa ao si ugonjwa? Wakamjibu kwamba si ugonjwa. Musomaji wa haraka angefurahi. Museveni akahitimisha kwamba basi ni jambo la kujifunza na kuchagua, na tarehe 24 Februari 2014 akatia sahihi sheria ya kuwafunga. Mahakama ya Katiba iliifuta tarehe 1 Agosti mwaka huo kwa sababu ya akidi ya wabunge. Mwaka 2023 Uganda ikapata sheria nyingine, kali kuliko ile.

Njo maana sikubaliani na wanaodhani kazi imeisha siku ile ya 2019. Ukimtoa mtu katika sura ya wagonjwa bila kumpa pahali pengine pa kusimama, kuna wanaomngoja na sura ya wahalifu.

Ufaransa ilipita wapi

Kuna nchi iliyoonyesha kwamba unaweza kubadilisha mlango bila kumwacha mtu nje. Kwa amri ya tarehe 8 Februari 2010, Ufaransa iliwatoa watu trans katika orodha ya magonjwa ya muda mrefu ya akili, lakini bima iliendelea kulipia matunzo yao kwa mlango mwingine. Na sheria ya tarehe 18 Novemba 2016 iliruhusu mtu abadilishe alama ya jinsia kwenye état civil bila kudaiwa ushahidi wa munganga. Matunzo upande mmoja, karatasi upande mwingine.

Nikirudi CIM-11 na macho hayo, naielewa na bado nailaumu. Iliwaacha watu trans ndani ya kitabu cha magonjwa, ijapokuwa sura nyingine, kwa sababu pasipo namba bima hazilipi. Kwa mtu mzima anayetaka homoni ao kupasuliwa, hoja hiyo inasimama, sawa vile mimba ina namba humo na hakuna anayemwita mama mjamzito mgonjwa. Lakini HA61, ile ya watoto? Mtoto ambaye hajabalehe hapewi homoni wala hapasuliwi. Namba yake inafungua mlango gani? Watetezi wengi wa watu trans waliipinga, na nionavyo miye walikuwa na haki. Mtoto anahitaji wazazi watulivu na mwalimu asiyemcheka, na hivyo havina namba.

Na Kindu je?

Sasa ninaweza kujibu lile swali la njiani.

Jina la ugonjwa ni mapatano. Mgonjwa anatoa kitu na anapata kitu. Anatoa sauti yake: kuanzia leo akisema jambo, watu watauliza kama ni yeye anayesema ao ni ugonjwa. Kwa malipo hayo anapewa matunzo, karatasi, bima, huruma. Paris, Nairobi kidogo, mtu anaweza kukaa chini na kupiga hesabu kama mapatano yana faida.

Kwetu huku nani ana bima? Tunalipa munganga mkono kwa mkono, hata kwa malaria. Hakuna jaji anayengoja karatasi ya saikiatri ili akupe jina. Code de la famille ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaruhusu tribunal de paix kubadilisha jina la mtu kukiwa na sababu ya haki, na haikuandikwa kwamba sababu hiyo iwe ugonjwa. Kwa hiyo Kindu neno "mgonjwa" linachukua sauti ya mtu na halimrudishii kitu. Bei inalipwa yote, mali haitoki. Kinachotoka ni kile alichopata mwenzetu: mlango uliofungwa, njaa, na mwaka uliopotea. Sentensi yangu ilikuwa ya huruma kwenye simu yangu. Ilipofika kwao ilikuwa kibali.

Ndugu wengine wa imani watasema nimemtetea mtu na nimemsahau Mungu. Sijamsahau, ninasali kila Jumapili, na sijaandika hapa neno lolote la teolojia. Swali langu ni dogo: je, ni ugonjwa? Anayeamini kwamba ni dhambi aseme dhambi, tutajadiliana kwa maandiko. Asiazime koti jeupe la munganga ili aseme jambo ambalo munganga mwenyewe ameacha kulisema.

Tena kuna kosa lingine ambalo karibu nilifanye. Nikiandika kwa nguvu "trans si wazimu!", nimewasukuma wale wenye ugonjwa wa akili wa kweli zaidi gizani. Mtu mwenye skizofrenia hakustahili kamba wala njaa kuliko mwenzetu. Kama neno "mgonjwa wa akili" lingemaanisha huku kwetu munganga mzuri, dawa na jamaa wanaokutembelea, sentensi yangu isingeumiza hivi. Hapa wote wawili wana kesi moja na sisi.

Basi msimamo wangu ni huu. Kuwa trans si ugonjwa wa akili. Maumivu yanayofuata ni ya kweli, na mengi yanatoka kwetu. Anayetaka matunzo ya mwili ayapate kwa namba yoyote inayofungua mlango, na karatasi ya mtu isitegemee namba hiyo.

Mwenzetu alimaliza licence mwaka mmoja nyuma yetu. Mémoire yake ilikuwa juu ya mozaiki, na siku ya kuitetea aliijua kuliko sisi wote. Leo analima upande ule wa mto, anauza vipandikizi vya muhogo visivyo na virusi. Hajaomba kazi hata kwenye shirika moja. Diploma yake imeandikwa née, na ile e ya mwisho. Herufi moja, na kila ofisi itaanza kwa kumuuliza habari yake.

Nilimtumia andiko hili mbele ya kuliweka hapa, nikamwambia asipokubali nitalifuta. Alikaa siku mbili. Kisha akajibu niondoe jina la kijiji, na nimeliondoa. Akanirekebisha pia pahali pamoja ambapo nilikuwa nimeandika kwamba ile siku tulihesabu mimea mia tatu. Ilikuwa mia nne na ishirini, alisema, na mia moja ya mwisho alihesabu yeye peke yake, juu siye tulikuwa tumeshaketi chini ya mti.